Jina la Makandi Chini ya Karatasi

—Hii ni sahihi yako, mwalimu?

Mzee Mbaabu aliisukuma karatasi kando ya sahani ya nduma za kuchemsha ambazo hakuna aliyekuwa amezigusa. Makandi akaisoma polepole. Ilisema kwamba yeye, mwalimu wa biolojia, ameacha kufundisha mageuzi ya viumbe, na kuanzia muhula ujao atafundisha uumbaji wa siku sita katika darasa la sayansi. Chini, jina lake. Ile M ilikuwa na mkia mrefu, mkia alioujua vizuri kutoka kwa barua za mapenzi alizotunza sandukuni.

Akamtazama Koome, mchumba wake, aliyekaa dirishani akikunja na kukunjua kofia.

Tangazo la ndoa yao lilikuwa limeshasomwa mara mbili katika kanisa lao pale Nkubu. La tatu lilikuwa kesho. Lakini Mzee Mbaabu, babake Koome na mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikuwa amekataa lisomwe mpaka msichana aache kuwaambia watoto wa watu eti babu yao alikuwa nyani. Wiki nzima Makandi alimweleza kwa upole kwamba yeye pia anaamini Mungu alimuumba, ila mtihani wa kidato cha nne utauliza mageuzi, na asiyefundishwa ataanguka.

Simu ikatetemeka mapajani. Koome, hatua tatu tu kutoka hapo, alikuwa amemwandikia:

"Sema ndio tu plz. Tukishaoana utafundisha vile unataka. Nakupenda."

—Nimekuuliza, Makandi, mzee akasema. Ukikubali, kesho linasomwa, na mama yako awalete kina mama wa kwenu Kinoru waimbe kanisani.

Ndio moja, na harusi ipo. Makandi akaifunika simu.

—Si yangu, baba.

Mzee Kiambi, mzee mwenzake wa kanisa aliyekaa pembeni, akanong'ona kwamba basi labda sahihi imegeuka yenyewe polepole, kama yule nyani. Hakuna aliyecheka.

Koome akasimama.

—Ni mimi niliandika. Niliogopa kumpoteza.

—Ulimuuliza? babake akasema.

—Hapana.

Makandi akamgeukia.

—Koome, wewe unafundisha dini. Adamu na Hawa ni wako, kila Jumanne na Alhamisi. Nimewahi kukuingilia?

—Hujawahi.

—Sasa mbona uliingia kwangu, tena na jina langu?

Kisha akamgeukia mzee.

—Kesho msisome, baba, Makandi akasema. Na darasa langu nitaendelea nalo vile liko. Watoto wana mtihani.

—Kwa hivyo unamuacha?

—Sijasema namuacha. Nimesema kesho msisome.

Akachukua mkoba akatoka. Koome alimfikia karibu na lango, akihema.

—Jumatatu naweza kukaa nyuma ya darasa lako, nisikie?

—Uje na daftari.

Hakumpa mkono. Lakini alipunguza mwendo, wakateremka pamoja mpaka barabarani.