Mnara Uliokuwa Ukijibu

Kinasamwangwi, mashine ya kunasa sauti za kale, kilipowashwa, ukuta wa mnara wa hekalu la kale la Wakhmer ulianza kunguruma. Miale ya mashine hiyo ilikwangua jiwe tabaka kwa tabaka, ikisoma mitikisiko ya sauti zilizonaswa humo tangu enzi za wafalme, za jana na za kale zikiwa zimechanganyika. Kila tabaka lilisomwa mara moja tu, kisha likawa vumbi.

Aliyekibuni ni Mhandisi Nasikiwa Mshana, mwenyeji wa Same. Kibali alichopewa Kambodia kilisema utafiti. Uongo mtupu! Alikuwa akimtafuta mwanawe Elineema, aliyetembelea mnara huu siku mbili kabla mafuriko hayajamchukua. Ghala la kumbukumbu lililohifadhi sauti yake liliungua, na sasa, miaka kumi na mmoja baadaye, mama hakukumbuka tena mwanawe alisikikaje. Jambo hilo lilikuwa likimla taratibu.

"Dada, ungeniuliza kwanza," alisema Chanthou, mlinzi wa hekalu, akiwa mlangoni, kupitia kitafsiri cha sikioni. "Humu watu hawasemi."

"Niache, mdogo wangu. Limebaki tabaka moja."

Kipaza sauti kilitoa vishindo tu. Du. Du, du. Du.

"Maneno yako wapi?" Nasikiwa alifoka.

"Hayamo. Ukipiga kelele humu, mnara unanyamaza. Mtu huegemea ukuta akajipiga kifua kwa ngumi, huzuni imtoke. Kishindo hicho ndicho mnara hujibu."

Maelfu ya vifua, na hakuna hata sauti moja! Nasikiwa alinyoosha mkono aizime mashine.

Vishindo vitatu. Kimya. Vitatu tena. Kimya. Vitatu.

Elineema alibisha hodi hivyo tangu utotoni, hata kwenye mlango wa jiko la mama yake, wala hakuingia mpaka aitikiwe.

"Karibu, baba!" Nasikiwa alilia. "Karibu, ingia!"

Mashine ikajizima. Ukuta ulikuwa umelika kama mkate uliong'atwa. Akauegemea hivyo hivyo, akajipiga kifua mara tatu ili amwitikie mwanawe. Mnara haukujibu. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, mpaka akakohoa.

Chanthou aliingia, akasimama kando yake, akajipiga kifua mara moja. Akasikiliza. Akajipiga kwa ngumi zote mbili.

"Mume wangu namlilia hapa kila siku," alisema. "Leo asubuhi mnara ulinijibu."