Jogoo wa Mbegu Hachinjwi

"Binti, yule jogoo mkubwa niliyemkuta uani, mmemwekea mgeni gani?"

Mjomba Ambindwile alikuwa ameshanawa, lakini mkono wake haujagusa sahani. Mbele yake palikuwa na ndizi za kupika, majogoo wawili wa wastani walioungwa vizuri, na firigisi zote mbili zimewekwa juu kwa heshima yake.

Winfrida alikuwa bado amepiga magoti na jagi la maji. Wageni hawa, Lukasi mchumba wake pamoja na mama na mjomba wa Lukasi, walitoka Kinyala mpaka kwao Winfrida, Masukulu, kwa jambo moja, kupanga tarehe ya harusi.

"Yule ni wa mbegu, mjomba," akajibu. "Ndiyo maana nimechinja wawili. Nyama yao ni nyingi kuliko ya yule mmoja."

"Sijauliza wingi."

Mzee Jairo, baba yake Winfrida, akatazama chini. Asubuhi alimwambia binti yake achinje yule mkubwa, maana mgeni wa heshima hupewa kuku aliye mbele ya wenzake. Binti akasema ndiyo baba, kisha akafanya lake.

Mama yake Lukasi, Beatrice, alikuwa hajasema kitu tangu afike. Hapo akapata pa kuingilia.

"Kaka, usishangae. Ndiyo kawaida yake. Kuku aliompa Lukasi mwaka juzi si unauona pale nyumbani uzao wao? Wamekuwa kama njiwa. Hapa kwake majogoo yanatembea kama mbuzi, sisi anatugawia yaliyodumaa."

"Mama, mimi niliwapa..." Winfrida akaanza, akaishia hapo na kumgeukia Lukasi.

Lukasi alikuwa anajua kila kitu. Yeye ndiye aliyekuja na pikipiki akachukua jogoo bora wa bandani mwaka ule na mitetea wanne, akaambiwa wazi kwamba hawa si wa kula wala wa kuuza, hawa ni wazazi. Neno lake moja lingemaliza kesi yote. Lakini kijana wa watu alikuwa anaziangalia ndizi kama vile hajawahi kuziona.

"Lukasi," Winfrida akamwita taratibu.

"Tule kwanza," Lukasi akasema.

Mjomba akasimama, akavaa kofia.

"Ndaga, asante kwa chakula, Mzee Jairo. Tarehe tutaipanga siku nyingine. Kama itakuwepo."

Wakaondoka, na ndizi zikapoa mezani.

Sasa, msomaji, kabla hujamwona Winfrida mchoyo, msikilize kidogo. Alianza na vifaranga chotara vya kununua, wale kuku wa nyama wanaokua haraka. Muuzaji akamwambia asihangaike kuwazalisha nyumbani, maana watoto wa chotara hawafanani. Mmoja anakimbia kukua, ndugu yake anabaki kimbaumbau. Winfrida akasema sawa, basi nitachagua. Mayai ya chotara akayaatamisha kwa mitetea ya kienyeji, vifaranga vikatoka rangi zote, na kila uzao akawa anawala na kuwauza waliobaki nyuma, na waliotangulia anawabakiza wazae. Uzao wa nne ndio ukampa yule jogoo. Na shida yote ilikuwa hapo, kwamba kuku aliyestahili mgeni ndiye huyo huyo aliyestahili kubaki.

Kesho yake asubuhi simu yake ikalia. Ujumbe wa Lukasi.

"Vumilia mpz. Mjomba akitulia ntaongea nae."

Winfrida akaandika, "Jogoo niliyekupa yuko wapi?"

Tiki zikawa za bluu. Jibu halikuja. Akapiga.

"Lukasi, nimeuliza jogoo yuko wapi."

"Nilimuuza."

"Ulimuuzia nani?"

"Mtu wa hoteli pale Tukuyu. Alimpenda mno, Winfrida, hata nikashindwa kumkatalia."

"Na mitetea?"

"Wakubwa nao niliwauza. Wadogo waliozaliwa ndio nikawaacha wa mbegu." Akakohoa. "Si unajua sisi watu wa viazi. Kikubwa kinakwenda gunia la sokoni, kidogo unarudisha shambani. Nikajua na kuku ni hivyo hivyo."

Winfrida alitaka kucheka, ikashindikana. Moyo ulikuwa unamuuma kweli.

"Kwa hiyo umepanda kuku kama viazi."

"Nilikosea."

"Hilo silo kosa. Hukujua, na ungeniuliza ningekueleza, ningekupa na wengine. Kosa ni la jana. Mama yako ananiita mchoyo mbele ya baba yangu, na wewe unasema tule kwanza."

"Ningesema vipi mbele ya mjomba? Angeniona mjinga."

"Ikabidi mimi nionekane mbaya ili wewe usionekane mjinga."

"Nipe muda, nitawaeleza polepole."

"Hapana, Lukasi. Mimi siolewi na mtu anayeniacha peke yangu hivi."

"Unaniacha kwa ajili ya jogoo?"

"Jogoo ninaye," Winfrida akasema. "Mume ndiye sikumwona pale."

Akakata simu, akaingia bandani kuwapa kuku pumba, na akalia huko huko ambako hakuna wa kumuuliza.

Mzee Jairo aliyaona macho yake alipotoka.

"Mwanangu, tumchinje tu. Nitambeba mwenyewe mpaka Kinyala, nimkabidhi Ambindwile, yaishe."

"Baba, nikimchinja leo nitakuwa nimekubali kwamba niliwapa takataka. Hilo jina nitaingia nalo kwenye ile nyumba, na sitalivua."

"Na ukikosa mume?"

"Nitakuwa nimemkosa. Lakini sitakuwa nimesingiziwa halafu nikaomba na msamaha."

Mzee akakuna kichwa. Alimpenda binti yake, na pia alikuwa na hamu ya wajukuu, kwa hiyo siku ile hakula vizuri.

Kule Kinyala, Lukasi alikaa na jambo lake kama mtu mwenye jino bovu. Akimpigia Winfrida, hapokei. Akiandika, anasomwa na kuachwa. Siku moja akawa ameketi na mama yake mbele ya rundo la viazi, wanachambua. Vikubwa gunia, vidogo kikapuni kwa ajili ya mbegu.

"Yule binti simwelewi," Beatrice akaanza. "Hata salamu hajatuma. Mchoyo na jeuri juu."

Lukasi akakishika kiazi kidogo mkononi, akashindwa kukitupa kikapuni.

"Mama, kuku nao niliwafanya hivi."

"Hivi vipi?"

"Nilichambua. Wakubwa wote wakaenda Tukuyu, nikabakiza wadogo wazae. Wadogo wakazaa wadogo."

Beatrice akaacha kuchambua.

"Yaani yule binti alitupa wazuri?"

"Alinipa aliye bora kuliko wote bandani kwake. Yeye akabaki na aliyefuata. Huyu mliyemkuta uani ni mtoto wa huyo aliyefuata."

"Na pale mezani ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha namtukana binti wa watu, kwao, mbele ya baba yake, nikiwa nimeketi kwenye kiti chake?"

Mama yake akajifuta udongo mikononi, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Gwe, wewe Lukasi. Mimi nimemsema mpaka kwenye kwaya. Wanawake wote wa sauti ya pili wanajua kuku wa Winfrida." Akavuta pumzi. "Mpigie mjomba wako. Na usimwambie kwenye simu. Mwambie tu tunarudi Masukulu, na utakwenda kumwambia kule kule ulikonyamazia."

Walirudi Jumamosi iliyofuata. Winfrida aliwakaribisha, akawapa maji, akakaa kando ya baba yake. Hakumtazama Lukasi, au alijitahidi asimtazame.

Lukasi hakungoja chai. Alisimama, akaeleza tangu pikipiki mpaka mtu wa hoteli, tangu wale wadogo mpaka siku ile ya ndizi. Sauti ilimkatika mahali pawili, lakini alifika mwisho.

Mjomba Ambindwile akamgeukia.

"Kwa hiyo jogoo la watu uliliuza, kisha ukatuacha tumkasirikie mwenye kuku."

"Ndiyo, mjomba."

"Wewe ni mjinga."

"Ndiyo, mjomba."

Beatrice akamgeukia Winfrida. "Mwanangu, ulimi wangu ulitangulia. Nisamehe. Na kwenye kwaya nitakwenda kusema."

"Nimesamehe, mama. Ila useme na kwa sauti ya kwanza, huenda habari zilifika."

Mzee Jairo akacheka mpaka akajifuta macho. Mjomba akajikaza, kisha naye akashindwa. Walipotulia akauliza kama inavyopasa.

"Binti, baada ya yote haya, huyu unamtaka bado?"

"Nimuulize yeye moja kwanza," Winfrida akasema, akamtazama Lukasi machoni. "Ulinyamaza kwa nini siku ile?"

"Niliogopa mjomba ataniita mjinga mbele yako."

"Na leo?"

"Leo ameniita. Bado nipo."

Winfrida alitamani awe bado na hasira, hasira ikawa imeshamtoka.

"Wapange tarehe, baba," akasema.

Harusi ilifungwa baada ya viazi kutoka shambani. Kanisa lilijaa, mvua ilikuwa inanyesha kama ilivyo kawaida ya Rungwe, na mchungaji alipofika pale pa kuuliza kama kuna mwenye pingamizi, Mjomba Ambindwile akakohoa. Kikohozi kirefu, cha mtu mwenye mafua ya siku nyingi. Watu wote wakageuza shingo.

"Hakuna pingamizi, mchungaji," Lukasi akasema kwa sauti.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza bwana harusi. Kanisa zima likacheka, sauti ya kwanza na ya pili. Winfrida peke yake hakucheka. Aliuchukua mkono wa Lukasi akaufumbata kwa mikono yake yote miwili, maana safari hii alisema bila kusukumwa na mtu.