Safu ya Ndugu

Sokoni Mahabibo, Mahajanga, mwaka 1962, wachuuzi wawili wa samaki walikuwa wamekabana koo. Kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi alisimama kando akiandika.

"Wewe! Watu wanauana, unaandika?" Aliyeuliza alikuwa msichana aliyejifunga kiunoni salovana, nguo kama kanga, ya manjano, uso umepakwa liwa.

"Polisi wanakuja. Naandika nani kaanza."

"Na mimi, umeniandika?"

"Bado. Jina?"

"Koulsoum, mshonaji, mtaa wa Tsaramandroso. Kosea herufi uone."

Kijana huyo, Mikidache, alikuwa karani wa ofisi mpya ya manispaa. Kila Jumatatu polisi, mwendesha mashtaka, mkuu wa gereza na wakuu wa mitaa walikaa meza moja, naye akayaweka majina ya wafungwa waliokaribia kutoka katika orodha moja yenye safu nne: jina, kosa, siku ya kutoka gerezani, nani anamngoja kwa ubaya. Zamani kila idara ilijua kipande chake, na damu ilimwagika katikati. Orodha haikutoka nje ya chumba.

Kwa miezi mitatu Koulsoum alimpigia simu kutoka duka la jirani. "Karani wangu, leo nani kaanza?"

"Wewe, kama jana."

Kisha likafika jina la Houmadi, mdogo wake Koulsoum, aliyefungwa kwa kumjeruhi kwa kisu jirani yao Boinali. Angetoka Alhamisi, na ndugu watatu wa Boinali wangekuwa langoni. Kumngoja mtu si kosa, hawakuweza kukamatwa. Mikidache akapendekeza, meza ikakubali: Houmadi atolewe Jumatano kwa mlango wa nyuma, apande meli ya Nosy Be, kwa mjomba wake kijijini Ambanoro.

Koulsoum hakuambiwa.

Alhamisi alisimama langoni na kanzu aliyomshonea mdogo wake, tangu saa mbili hadi saa sita, hatua kumi kutoka kwa wale watatu. Askari alisema tu, "Hayupo." Koulsoum akaenda manispaa mbio.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Yu hai?"

"Yu hai. Zaidi siwezi kusema."

"Nimesimama na wale watu nikidhani wameshammaliza! Polisi anajua, hakimu anajua, mlinzi wa jela anajua. Mimi niliyemlisha uji ni nani?"

Mikidache akaifungia orodha kabatini. Barua ya Houmadi ilipofika, Koulsoum alifunika cherehani akamfuata Nosy Be.

Mikidache hakuweza kuketi. Simu ilipolia aliinyakua: polisi, mahakama, polisi tena. Siku ya kumi na tano ilikuwa posta ya Hell-Ville, mji wa Nosy Be.

"Karani."

"Koulsoum! Mpenzi, nisamehe..."

"Boinali anasemaje?"

"Wakuu wa mitaa wamekaa naye mara nne. Anataka kuombwa radhi mbele ya jamaa zake. Ndugu zake wameapa kutomgusa."

"Houmadi atakuja kumwomba. Na wewe, utaniomba radhi kwenye simu ya serikali?"

Mikidache akapanda meli iliyofuata. Huko Ambanoro, barazani kwa mjomba, alimkabidhi Koulsoum karatasi mpya ya orodha, bila jina la mfungwa hata mmoja. Safu zilikuwa tano. Juu ya ile mpya palipigwa chapa: *Ndugu wa kuarifiwa*.

"Meza ilibishana Jumatatu mbili kabla ya kuikubali," alisema.

Koulsoum aliisoma mara mbili. Kisha akaona mstari wa chini, kwa wino: *Mikidache. Kosa: kunyamaza.* Safu ya ndugu ilikuwa tupu.

"Huna mtu?"

"Ndilo nililokuja kuuliza."

Akachukua kalamu, akaandika *Koulsoum*, akaacha nafasi mbele ya jina.

"Mimi ni nani wako, mke au la, hapo ataandika mjomba. Yuko ndani. Vua viatu, na safari hii usinyamaze."