Taa za Chumba cha Kufulia

Haya aliniambia Tolman mwenyewe, na Tolman si mtu wa kuzua. Tulikuwa wote kule Provo, kwenye chuo cha kanisa letu, tukiandaliwa kwa umisionari, vijana wa miaka kumi na tisa tunaoitana "Mzee" kwa cheo cha kanisa. Sheria kubwa ilikuwa moja: usimwache mwenzako uliyepangiwa peke yake, hata dakika.

Jumatatu asubuhi alishuka na mwenzake, Mzee Haws, kufua kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha. Taa zake huzimika zenyewe watu wakitulia, na huwaka mtu akinyanyua mkono. Wao walilifanya jambo hilo mchezo: anayenyanyua kwanza ndiye anayekunja nguo zote.

Tolman aliinamia daftari akikariri Kihungari, lugha ya huko alikopangiwa kuhubiri. Taa zikazimika. Kando yake akamsikia Haws akiimba polepole wimbo wa kanisani, kwa sauti ya puani.

"Leo sinyanyui, Mzee. Utakunja wewe."

Akajibiwa kwa kicheko kidogo, kisha wimbo ukaendelea.

Mlango ukagongwa kwa nje.

"Mzee Tolman, nifungulie bwana. Nilichomoka mara moja tu kufuata sabuni, na kadi ya mlango unayo wewe."

Ilikuwa sauti ya Haws.

Wimbo ukakatika. Mikono ya Tolman ilimganda magotini, na alijua asipoinyanyua atabaki gizani.

Aliniambia alikuwa bado hajasogeza hata kidole, taa zilipowaka.