Batida Iliyogeuka Chungu

Kila siku, jua la Barahona, mji wa pwani wa Jamhuri ya Dominika, likishaanza kuyachoma mabati, Nereida huitoa meza yake barazani, huipangusa kwa maji ya ndimu, kisha huiweka blenda katikati kama mtu anayemketisha mgeni wa heshima. Kazi yake ni batida: tunda, maziwa ya kopo, barafu na tone la vanila, vyote vikisagwa mpaka povu lipande kwenye mdomo wa jagi. Anauza batida ya embe na ya ndizi, lakini iliyomjengea jina ni ya papai. Wazee wanaocheza dhumna ng'ambo ya barabara husema joto la mji huu lina dawa moja tu, nayo iko mezani kwa Nereida.

Yanelba, bintiye wa miaka kumi na miwili, alikulia ubavuni mwa meza ile. Yeye ndiye aliyekuwa akiitwa, "Njoo uonje, mwanangu, sukari imetosha?" Na jagi likishamiminwa, kile kidogo kilichosalia chini kilikuwa chake. Hakuna aliyewahi kusema kwamba ni chake. Ilijulikana tu, mpaka alipokuja Esmirna.

Esmirna alikuwa binti wa dada mkubwa wa Nereida. Mama yake alipata kazi ya kumtunza kikongwe mmoja Santo Domingo, mji mkuu, kwa hiyo Esmirna akateremshwa kutoka Polo, kwenye milima ya kahawa, akae kwa mama yake mdogo na kumaliza mwaka wa shule. Alikuja na begi moja, viatu vya kutokea, na pua.

Pua hiyo ndiyo iliyoanzisha mambo. Esmirna alikuwa akinusa papai mahali lilipokatwa kikonyo, kisha anasema, "Hili la leo. Hili tuliache mpaka keshokutwa." Hakukosea hata mara moja. Nereida akafurahi mno.

"Esmirna, njoo uonje, sukari imetosha?"

Yanelba aliyasikia maneno hayo akiwa anaosha vikombe. Kikombe kilimponyoka kikaanguka kwenye beseni. Hakikuvunjika, ila ndani yake yeye kuna kitu kilichovunjika. Tangu siku hiyo masalio ya jagi yakawa yanagawanywa vikombe viwili. Yanelba alikuwa akikipima kikombe cha mwenzake kwa macho, na kila siku macho yalimwambia kwamba cha Esmirna kimejaa zaidi.

"Nereida!" alipaza sauti Mzee Fello, mkubwa wa wacheza dhumna. "Huyu wa mlimani ulimficha wapi miaka yote hii?"

"Na mimi je, Mzee Fello?" aliuliza Yanelba.

"Wewe? Wewe tumekuzoea kama kiti hiki!" Wazee wakacheka, wakapiga kete mezani. Yanelba naye alicheka, lakini kicheko kiliishia menoni.

Asubuhi ya Jumamosi moja, Esmirna alimenya mapapai ya siku ile, akakwangua mbegu, akayaacha kwenye bakuli. Kisha Nereida akatoka chumbani na kikapu.

"Esmirna, twende sokoni. Leo nataka pua yako kwenye maembe."

"Kwa nini yeye?" Yanelba aliruka. "Mimi sina pua?"

"Unayo, na mdomo pia unao. Leo nakuachia nyumba. Blenda usiiguse mpaka nirudi. Mikono yenye maji na umeme havipatani. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Aliwatazama wakiteremka barabarani, mama ameweka mkono begani kwa Esmirna. Mkono ule aliutazama mpaka walipokata kona.

Umeme wa mtaa ule una tabia zake. Huwapo asubuhi, wakati hakuna mwenye kiu, kisha hukatika adhuhuri, wakati watu wanatamani hata kulamba barafu. Blenda zote za mtaa hunyamaza. Yanelba aliyawaza hayo, na wazo likamjia. Je, akisaga sasa hivi, akahifadhi kwenye sanduku la barafu? Umeme ukikatika, ni kwao tu kutakakokuwa na batida mtaa mzima. Mama atauliza, "Nani aliyewaza hivi?" Esmirna, pamoja na pua yake, atabaki anatazama.

Wazo halikuwa baya. Alikausha mikono, akachomeka waya, akasaga jagi baada ya jagi, akajaza ndoo yenye mfuniko. Alionja. Ilikuwa tamu kama ya mama. Akaizika ndoo kwenye barafu, akaketi kusubiri.

Adhuhuri feni zikasimama. Mtaa ukapiga mayowe, "Umekatikaaa!" Muda mfupi baadaye Nereida na Esmirna wakaingia, jasho likiwatiririka.

"Mama, leo tunauza!" Yanelba aliwapokea na ndoo.

"Tunauza nini na umeme hakuna?"

"Nilisaga. Kabla tu haujakatika," alisema, ili ionekane ni ya sasa hivi.

"Nilikuambia usiiguse."

"Mikono ilikuwa mikavu, mama. Tazama, barafu bado nzima."

Nereida alimtazama, akaitazama ndoo, akawatazama wazee waliokuwa wakijipepea kwa kofia. "Tutazungumza baadaye. Haya, wapelekee."

Yanelba alivuka barabara na vikombe, kidevu juu. Mzee Fello akapiga funda kubwa. Macho yakamtoka. Funda lote likarudi, likatua juu ya kete za dhumna.

"Mama wee! Nereida, umetutilia kwinini? Kama umetuchoka, si useme tu!"

"Nilidhani ni ulimi wangu umezeeka," alisema mwenzake, akifuta midomo. "Kumbe tuko wengi."

Nereida alikuja mbio, akaonja, uso ukamshuka. Batida ilikuwa chungu kama dawa. "Iliyosagwa sasa hivi haiwezi kuwa hivi," alisema. "Lazima kuna kitu ndani yake. Nani alimenya?"

Yanelba aliogopa. Lakini ndani ya ile hofu aliona mlango, na ulikuwa wazi.

"Esmirna," alisema. "Labda aliacha mbegu. Mbegu za papai si ni chungu?"

"Hapana, mama mdogo!" Esmirna alishtuka. "Nilizitoa zote. Nilikwangua hadi ule utando."

"Yanelba," mama aliuliza taratibu, "ulisaga saa ngapi?"

"Nimeshasema. Kabla tu umeme haujakatika."

Nereida aliguna. "Basi, Esmirna, kwa sasa usiguse matunda."

Hakumfokea. Pengine angemfokea ingekuwa nafuu. Mzee Fello alitikisa kichwa. "Wa mlimani, papai hujui, kaa na kahawa yako!" Wenzake wakacheka. Esmirna alikwenda nyuma ya nyumba, akaosha mikono kwa muda mrefu, mikono isiyokuwa na uchafu.

Jioni alisema kwamba kesho atapanda gari la Polo, arudi kwa bibi. Nereida alimsihi, lakini Esmirna alikuwa amekwisha kukunja nguo zake. "Kama siaminiwi hata kushika papai, mama mdogo, nitaaminiwa kwa lipi?" Wote walijua kwamba nyumba ya bibi iko mbali sana na shule. Akipanda, mwaka wake wa masomo umepotea.

Yanelba alikuwa amepata alichokitaka. Mbona basi sahani yake aliirudisha jikoni na chakula chote?

Jumapili, mama alipokwenda misa na Esmirna akiwa anawaaga rafiki zake wa shule, Yanelba aliingia jikoni. Alitaka kuhakikisha, hata kwa ajili ya moyo wake tu, kwamba kweli zilikuwa mbegu. Alimenya papai mwenyewe. Alitoa mbegu moja moja, akakwangua utando. Akasaga jagi moja, akaonja: tamu. Akaliweka kwenye barafu. "Unaona?" alijiambia. "Ni yeye."

Karibu na adhuhuri, begi la Esmirna likiwa limekwisha kutolewa nje, Yanelba alirudi kuonja tena.

Ilikuwa chungu. Uchungu uleule.

Mbegu hazikuwamo. Mikono ya Esmirna haikuwamo. Ilikuwa mikono yake tu, papai na maziwa.

Alilibeba jagi mpaka kwenye mfereji wa maji machafu, akaliinamisha. Nani angejua? Mtaroni ingepita, gari lingepanda mlima, na kesho mama angemwita yeye tu aonje. Tone moja likadondoka. Kutoka kona ya barabara ikasikika honi, na sauti ya utingo: "Polo! Polo! Bado nafasi mbili!"

Yanelba alilinyanyua jagi, akakimbia.

Aliwakuta Nereida na Esmirna kando ya gari, begi tayari liko juu. "Mama, onja," alisema akihema.

Nereida alionja, akatema. "Nani tena kafanya hivi?"

"Mimi. Nimesaga ulipokuwa misa. Na jana nilisaga asubuhi, mara tu mlipotoka. Mbegu zilitolewa zote. Nilikudanganya, nikamsingizia Esmirna."

Utingo aligonga ubavu wa gari. "Jamani, mwenye begi anapanda au hapandi? Batida mtakunywa siku nyingine!"

"Subiri, baba," Nereida alisema. Alimgeukia Esmirna. "Mwanangu, nilikuhukumu bila kutafuta ukweli. Nisamehe. Nyumba ni yako, lakini uamuzi pia ni wako."

Esmirna alimgeukia Yanelba. "Nilikukosea nini?"

"Mama alikuita uonje," alisema Yanelba. Maneno hayo, yakisemwa kwa sauti pale barabarani, yalikuwa madogo kupita kiasi.

"Kwa ajili ya kuonja?" aliuliza Esmirna. "Wewe mama yako analala chumba cha pili, Yanelba. Mimi wangu namsikia kwenye simu."

Yanelba alipanda kwenye gurudumu la gari, akaushika mkanda wa begi. Akangoja, hakuuvuta.

"Literemshe," alisema Esmirna hatimaye. "Lakini bado nimekasirika."

"Kasirika," Yanelba alijibu huku machozi yakimtoka. "Kasirika, ila nyumbani."

Walipofika barazani, Nereida aliwaketisha wote wawili. "Papai lina utomvu unaoyala maziwa," alieleza. "Likisagwa na maziwa linywewe palepale. Ukilichelewesha hugeuka chungu, hata ulizike kwenye barafu. Yanelba, ungeniambia ulisaga asubuhi, ningejua hapohapo. Nilikuuliza saa, ukanipa saa ya uongo."

"Wazo lake lilikuwa zuri lakini," alisema Esmirna ghafla, bila kumtazama mtu. "Asubuhi tusage papai peke yake. Maziwa tutie mteja akifika, tutikise kwenye chupa. Umeme hauhitajiki."

Nereida alicheka, kisha uso ukarudi kuwa wa kazi. "Hilo tutalifanya kesho. Leo, Yanelba, vuka barabara. Jina la mwenzako ulilichafulia pale, lisafishie palepale."

Yanelba alivuka. Alisimama mbele ya meza ya dhumna, akasema yote, bila kuruka neno. Mzee Fello akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Aa, binti, umeniponza! Mimi nimekwisha kuwaambia watu mpaka kule kwa kinyozi kwamba mtoto wa mlimani hajui papai. Sasa nifanyeje, nizunguke tena mlango kwa mlango?"

"Tutazunguka wote, Mzee Fello."

Nao walizunguka, katika jua lile, mzee na fimbo yake mbele, Yanelba nyuma, wakibisha hodi. Kwenye baadhi ya nyumba walichekwa. Kwenye nyumba moja waliambiwa habari hiyo haikuwa imefika. Ikabidi waieleze yote upya ili waikanushe.

Yanelba aliporudi, miguu ikiwa imejaa vumbi, mama alimpa maji, akakaa karibu naye.

"Umechoka?"

"Sana, mama."

"Basi kumbuka uchovu huu. Uchungu wa papai unausukutua kwa maji, umekwisha. Neno baya ulilomzulia mwenzako linatoka mdomoni mara moja, halafu inabidi ulifuate kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na huna hakika umelimaliza. Mimi kumpenda Esmirna hakukupunguzii wewe chochote. Ukiona moyo unakuuma tena, njoo uniambie unauma. Usitafute mtu wa kumbebesha."

Yanelba aliinamisha kichwa. Kisha akainuka, akaenda kulirudisha begi la Esmirna chumbani.