Kamba ya Bibi Agnela

Kila asubuhi kabla ya shule, Ndeshi alimchua bibi yake goti kwa mafuta. Tangu Bibi Agnela aanguke shambani, mguu wake wa kulia haukukunjika tena. Akipanda gari, sharti akae kiti cha nyuma, mguu ameunyoosha juu ya kiti.

Ndiyo maana Baba Ndeshi alipotaka kununua gari la familia, Bibi alichana kamba ya mgomba, akajipima kutoka mgongoni hadi kisiginoni. "Mjukuu wangu, kapime kiti kwa hii. Ikienea, nami nitaenea."

Jumamosi walitoka Moshono wakaenda mjini kwa muuza magari. Gari lilikuwa dogo, lenye tumbo la juu, toleo jipya lililobadilishwa sura. Baba alilijaribu kwenye barabara ya mawe, akachungulia buti, akauliza linavyokula mafuta.

"Liko vizuri," alisema. "Kiti je?"

Ndeshi alishanyoosha kamba. Milango ya toleo hilo ilikuwa minene, na kiti kilipungua shubiri nzima. Lakini macho yake yalikuwa kwenye skrini kubwa ya mbele, na moyoni alishawaona wenzake wakimtazama akishuka getini shuleni. Akaikunja kamba upesi.

"Inaenea, Baba."

Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga. Mtoto huyu alilijua neno hilo, akalipita tu.

Wiki ya pili simu ikaja kutoka Tengeru. Dada yake Bibi amezidiwa, anamwita. Walimpakia Bibi nyuma, mlango ukakataa kufunga. Wakajaribu mbele, mguu ukagota. Bibi aliuma mdomo kwa maumivu.

"Nishusheni," alisema.

Wakasubiri pikapu ya jirani hadi adhuhuri. Walipofika Tengeru, dada alikwisha kufunikwa shuka. Bibi alilia bila kujificha.

"Nilitaka asikie sauti yangu tu," alisema.

Baada ya mazishi, Ndeshi alichuma jani la sale uani. Kwa Wameru, anayeomba msamaha hulishika jani hilo mkononi. Akapiga magoti, machozi yakimtoka.

"Shikamoo, Bibi. Kamba haikuenea. Niliona, nikadanganya."

Bibi akalipokea jani. "Marahaba. Nimekusamehe. Ila kuagana na dada ndiyo basi tena."

Baba alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Kifo si kosa lako, mwanangu," alisema. "Lakini hawakuagana kwa sababu yetu. Wewe ulidanganya, na mimi nilivutwa na upya wa gari, sikuhakikisha. Mtu akikutuma ukamtazamie kitu, mwambie ulichokiona, hata kama wewe hukipendi."

Baadaye Baba alilibadilisha gari kwa toleo la zamani, lisilo na skrini. Ndeshi alipima mara tatu. Bibi akapanda, akanyoosha mguu, mlango ukafunga.

"Twende wapi, Mama?" Baba aliuliza.

"Tengeru," alisema Bibi, kamba mkononi. "Nikamsalimie dada kaburini."