Posa Iliyolala Hotelini

Basi la Zagreb liliingia stendi ya Gruž, bandarini Dubrovnik, asubuhi limechelewa, na kabla mlango haujafunguka vizuri akina mama wa vyumba vya kupangisha walikuwa wamekwisha kulizunguka. Kila mmoja ameshika kipande chake cha boksi kifuani, kimeandikwa CHUMBA, na kila mmoja anasema lake.

"Kwangu bahari iko dirishani, mwanangu."

"Kwangu kuna bustani, na ukuta wa mji wa kale ni dakika kumi tu."

"Dakika kumi kwa helikopta," akasema Kate, mama mnene wa mtaa wa Lapad aliyekuwa na ulimi kuliko wote pale stendi.

Jele alisimama nyuma kidogo, gauni la kitani la kijani, nywele amezifunga kwa kitambaa cheupe. Chumba kilikuwa cha mama yake, Nike, ndani ya kuta za Dubrovnik, juu kabisa ya uchochoro wa ngazi. Siku hiyo Nike alikuwa nyumbani anafua mashuka, akamtuma binti. Jambo la kwanza alilomfundisha Jele kuhusu kazi ile ni kumtazama mgeni miguu kabla ya uso. Akashuka mzee mwenye fimbo, anaburuta mguu, na akamjia Jele moja kwa moja.

"Hapana, baba, kwetu utalia," Jele akamwambia. "Mama Kate, huyu ni wako. Nyumba yako haina ngazi."

Aliyefuata alikuwa kijana mrefu, shati la bluu lililokunjwa mikono, begani sanduku la chuma la vifaa. Hakuuliza bei. Aliwauliza akina mama swali moja, mmoja mmoja.

"Ubaya wa chumba chako ni nini?"

Wakatazamana. "Chumba changu hakina ubaya," akasema Kate. "Ubaya wanakuja nao wageni."

Alipofika kwa Jele, Jele alishaitazama miguu yake. Ilikuwa mizima.

"Ngazi," akamjibu. "Ukifika juu utakuwa umewataja watakatifu wote. Halafu kengele ya mnara itakuamsha kabla hujataka. Halafu jirani yetu mzee Stijepo anakoroma, na uchochoro ni mwembamba, utadhani mmelala kitanda kimoja."

"Na zuri?"

"Mama anapika."

Kijana akacheka. Jina lake Vedran. Alikuwa fundi wa lifti, ametumwa kutengeneza lifti ya hoteli moja kule Lapad, na hoteli ilikuwa imempa chumba cha bure.

"Unatengeneza lifti, halafu unakuja kulala kwenye ngazi?"

"Lifti naziona kila siku," akasema. "Mtu anayenitajia ubaya wa mali yake mwenyewe sijawahi kumwona."

Kazi ya siku tatu ikamchukua wiki mbili. Asubuhi aliteremka kwenda Lapad, jioni alirudi amelowa jasho na kukaa jikoni, ambako Nike, mjane wa nguo nyeusi na rozari mfukoni, alimpa menestra, mchuzi mzito wa kabichi na nyama ya kukausha, bila kumwuliza kama anataka. Alijifunza kuvuta kamba ya kuanikia nguo inayovuka uchochoro, akadondosha shuka mara moja likamfunika Stijepo aliyekuwa anapita na gazeti. Jele alicheka mpaka akakaa chini. Siku ya kuondoka Vedran alimkuta dirishani, mikono inanukia maganda ya machungwa aliyokuwa akiyachemsha kwa sukari, akamwambia, "Jele, nimekwisha." Jele akajibu, "Maliza kwanza kahawa." Lakini mkono wake hakuuondoa.

Ikawa simu. Oktoba nzima, Novemba nzima.

"Umekula, dhahabu yangu?"

"Nimekula. Na wewe umekwama kwenye lifti ya nani leo?"

"Ya mama mmoja mwenye paka saba. Paka wote walikuwa ndani."

"Wazuri?"

"Hakuna aliyenitajia ubaya wake."

Krismasi alipokuja aliongea na Nike jikoni, mlango umefungwa. Wakakubaliana kwamba sikukuu ya Mtakatifu Vlaho, msimamizi wa mji, mwanzo wa Februari, atamleta mama yake aje kumwomba binti kwa heshima. Nike alisema neno moja tu, "Waje," kisha tangu siku hiyo hakupokea mgeni mwingine. Alipaka rangi chumba cha mbele. Alitoa kabatini mashuka aliyoyatarizi akiwa mchumba, ambayo hata yeye aliyalalia usiku mmoja tu, akayapiga pasi na kuweka tawi la rozmari chini ya mto.

Siku nne kabla ya sikukuu, simu ya Jele ikalia.

"Jele, mama anataka kulala hotelini. Lapad."

"Hoteli ipi?"

"Ile niliyotengeneza lifti."

Jele alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vyombo. Akakiweka. "Mama yangu amepaka rangi chumba, Vedran."

"Najua."

"Ametoa mashuka ya harusi yake."

"Najua, roho yangu."

"Basi nipe sababu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

Jele alisikia tramu ikipita upande wa pili wa simu.

"Mwambie mama yako nyumba yetu ina choo ndani," akasema Jele, "kama ndicho anachoogopa."

"Usiseme hivyo, Jele. Siyo—"

Akakata, akazima simu. Alipogeuka, mama yake alikuwa mlangoni.

"Analala hotelini," akasema Nike. Hakuwa anauliza.

"Mama, labda kuna sababu."

"Hotelini hulala mtalii. Anayekuja kuomba binti wa watu hulala kwao, anakula chumvi yao, anawasikia wanavyokohoa usiku. Huyo mama akilala Lapad, akapose huko huko Lapad. Mlango wangu atauona umefungwa, na wewe usinililie."

"Nina miaka thelathini na moja, mama."

"Najua. Nilikuwepo."

Saa ile ile simu ya mezani ikalia. Nike akaipokea, Jele amekaa mbele yake. "Hayupo," akasema Nike, akaiweka, kisha akafanya ishara ya msalaba kwa uongo ule. Ilipolia tena hakuna aliyenyanyuka. Zikapita siku ambazo mama na binti walipishana kwenye nyumba ndogo bila kugusana. Jele hakujua kinachomuuma zaidi, kwamba mama yake angeufunga mlango kweli, maana Nike hakuwa mtu wa kutisha kisha akaacha, au kwamba Vedran aliyependa ukweli siku ya kwanza sasa alikuwa na neno analomficha. Chumba cha mbele kilinuka rangi mpya na rozmari. Kila alipopita alishikilia pumzi.

Siku ya sikukuu mji ulijaa. Bendera juu ya mnara, kengele zote zinalia pamoja, wanawake wa vijiji vya Konavle na vizibao vyao vya nakshi, wanaume wanazungusha mabango makubwa ya parokia zao. Nike alivaa koti lake jeusi na skafu ya hariri, Jele koti jekundu ambalo Vedran alilipenda, ingawa alijiambia amelivaa kwa baridi. Walikuwa wamekwisha kubarikiwa koo kwa desturi ya siku hiyo, mishumaa miwili imepishanishwa chini ya kidevu, na wanateremka ngazi pana za kanisa la Mtakatifu Vlaho, Jele alipomwona.

Vedran alisimama chini, tai imekwenda upande. Amemshika mkono mwanamke wa kofia ya rangi ya zambarau na glovu za ngozi, uso mzuri uliokaza. Watu waliwapita kupanda, wao hawapandi.

Nike hakuutazama ule uso. Kwa mazoea ya miaka yote ya stendi, alitazama miguu.

Mwanamke yule akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, akauvuta wa pili. Akaweka tena. Uso ukampauka, mdomo ukawa mweupe. Akarudi chini taratibu, akajifanya anarekebisha glovu, kama mtu aliyebadili mawazo. Padri mmoja aliyekuwa mlangoni akateremka na mishumaa yake, akambariki pale pale chini.

Vedran akawaona. Akaja mbio.

"Ulizima simu," akamwambia Jele.

"Na wewe ulizima mdomo."

"Jele, nimepiga siku nne."

"Ungenipa neno moja, ningeiwasha siku ya kwanza."

"Kijana," akasema Nike. "Mama yako ni goti au nyonga?"

Vedran akatazama mawe. "Nimeahidi sitasema."

"Basi usiseme." Nike akamtazama tena yule mwanamke. "Nyonga," akajijibu mwenyewe. Akajitanda skafu vizuri, akaingia katikati ya watu na kuondoka bila kuaga.

Jele alijua mama yake anakwenda nyumbani, na mlango ulikuwa na funguo mbili.

"Ni mwaka wa pili sasa," Vedran akasema kwa sauti ya chini. "Aliniapisha. Alisema, sitaki waniangalie kama mgonjwa kabla hawajaniangalia kama mama yako. Na mimi nakumbuka ngazi zenu, Jele. Wewe mwenyewe ndiye uliyenitajia."

"Ungenitajia na wewe."

"Ningemvunjia kiapo mama yangu."

"Na mimi ukanivunja nini?"

Yule mwanamke alikuwa amewafikia, pole pole, ameshika ukuta.

"Wewe ndiwe Jele," akasema. "Mimi ni Zdenka. Nilikuwa karibu na simu, nilisikia ya choo."

Jele akatamani mawe yapasuke. "Mama, nisamehe."

"Ungeniambia usoni ningecheka. Twende kwenu."

"Si lazima upande leo."

"Mwanangu, nimesafiri usiku kucha kwenye basi. Nikishindwa kupanda leo, watasema mama wa bwana harusi hakufika. Nipe mkono."

Wakaenda, Zdenka katikati, Jele huku na Vedran kule. Kwenye mdomo wa uchochoro Zdenka akainua macho. Ngazi zilipanda kati ya nyumba mpaka zikawa nyembamba kama kamba, na juu kabisa mlango wa kijani wa Nike haukuonekana kama uko wazi au umefungwa. Akavuta pumzi, akaweka mguu. Mmoja. Wa pili. Wa tatu ukagoma, na vidole vyake vikazama kwenye koti jekundu.

"Mama, basi," akasema Vedran.

"Nyamaza."

Hapo ndipo waliposikia mbao zinagonga mawe juu yao. Nike alikuwa anateremka, koti jeusi, skafu imelegea, kiti mkono mmoja, buli la kahawa mkono wa pili, na kapu kiwikoni. Nyuma yake mzee Stijepo amebeba meza kichwani, anahema, anawalaani vijana wa siku hizi wasiobeba kitu. Vedran akaruka kumpokea.

Nike akaipanga meza chini ya uchochoro, katikati ya njia, watu wa sikukuu wakawa wanaizunguka. Akatoa kapuni shuka la harusi, akalitandika juu yake. Akaweka prikle, maandazi madogo ya moto, na sahani ya maganda ya machungwa. Kisha akaipiga ngazi ya kwanza kwa kisigino.

"Nyumba yangu inaanzia hapa," akamwambia Zdenka. "Karibu ndani."

Zdenka alisimama akaliangalia lile shuka, nakshi zake, kitambo. Kisha akakaa. Akavua glovu, akachukua prikle kwa vidole.

"Nimekuja kumwomba binti yako," akasema.

"Nitakuuliza kwanza kama mwanao alivyomwuliza binti yangu siku ya kwanza. Ubaya wake ni nini?"

Vedran akafungua mdomo. Mama yake akamzuia kwa mkono. "Anaficha jambo kwa kuogopa kumuudhi mtu, mwishoni anawaudhi wote. Na wako?"

"Akikasirika anazima simu. Na hasira kairithi kwangu."

"Tutaweza?"

"Mimi nimeweza, nimemlea peke yangu," akasema Nike. Akammiminia kahawa. "Ila hotelini hulali. Utalala kwa Kate, Lapad, hakuna ngazi hata moja. Nami nitalala huko huko, tusikilizane tunavyokohoa."

"Na chumba cha mbele?" Vedran akauliza kwa matumaini kidogo.

"Mashuka ya kile chumba sasa hayalaliwi mpaka harusi. Hoteli umelipia, si ndiyo? Basi kalale na lifti yako."

Stijepo akacheka mpaka akamwaga kahawa kwenye nakshi, na Nike, ajabu, akamjazia tena kikombe. Jele akatoa simu mfukoni, akaibonyeza mpaka kioo kikawaka, akaiweka mezani mbele ya Vedran.

"Nipigie ukifika," akasema.